Kamba Iliyolala Mvuani

Kila Jumamosi mnapomaliza mazoezi, ninyi vijana wa klabu huja kunikalia hapa kwenye benchi la stoo na swali lenu lile lile: Gakii alikuwaje? Vikombe vyake mnavijua kuliko mimi. Mnajua alichukua ubingwa wa tenisi wa wanawake wa nchi nzima, akaulinda, akaupoteza, akaurudisha akiwa tayari mama wa mtoto mmoja. Mnajua alivaa rangi za taifa na kucheza katika nchi ambazo mimi nimeziona kwenye kalenda tu. Picha yake iko pale juu ya kaunta ya chai, na sidhani kuna mmoja wenu ambaye hajapiga selfi nayo.

Mimi sikumfundisha kupiga mpira. Nataka hilo lieleweke mapema, maana kuna mwandishi wa gazeti aliyenitaja kuwa kocha wake wa kwanza, na tangu siku hiyo naona haya. Nilikuwa mtunza uwanja. Nilichunga udongo, na kwa neema ya Mungu niliuchunga mpaka magoti yakakataa. Lakini kuna mechi moja ya Gakii ambayo haimo katika orodha zenu. Katika mechi hiyo nilikaribia kumharibia maisha kuliko mpinzani yeyote aliyewahi kusimama mbele yake. Nivumilieni, nitafika.

Kwanza uwanja wenyewe. Ninyi leo mnachezea saruji iliyopakwa rangi. Wakati ule viwanja vyetu viwili vilikuwa vya udongo wa kichuguu. Udongo wa shamba hauwezi kazi hiyo; mvua ikinyesha unakuwa uji, jua likiwaka unakuwa vumbi. Mchwa ndio wanaojua kuchanganya. Tuliuleta kwa lori kutoka Mitunguu, kule chini kwenye joto, ambako vichuguu husimama kando ya mashamba ya ndizi vikiwa virefu kuliko mtu. Unauponda, unauchekecha, unaumwaga, unaunyunyizia maji, kisha unavuta juu yake pipa lililojazwa zege, huku na huku, mpaka mgongo uombe msamaha.

Aliyenifundisha ni Mzee Swaleh, Mwislamu wa mjini Meru. Ndugu zake wote walikuwa wachinjaji, yeye peke yake akachagua udongo. Alijua kama uwanja uko tayari kwa kuupiga kisigino na kusikiliza. Mimi sikusikia kitu.

"We Mmeru," alikuwa akiniambia, "hilo sikio limezibwa na nini, viazi?"

Yeye alisali upande mmoja wa stoo, mimi upande wa pili, na kazi ikaenda bila ugomvi. Alinifundisha kupima urefu wa wavu katikati bila tepu: simamisha raketi moja, weka ya pili juu yake kwa ubavu, basi. Alinifundisha kufagia kwa mzunguko kuanzia nje kuingia ndani, usije ukaziba nyayo zako kwa nyayo nyingine. Na alinifundisha kwamba mtunza uwanja mzuri ni yule ambaye hakuna mtu anayekumbuka kuwa yupo.

Hilo la mwisho lilinishinda mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba chumvi huweka unyevu kwenye udongo. Ni kweli. Lakini mimi niliitia kwenye chokaa ya mistari, tena chumvi ya ng'ombe, nikijiona nimevumbua kitu. Asubuhi nikakuta mbuzi wa jirani wamelamba mstari wote wa katikati, na wawili wako kwenye mstari wa nyuma wanaendelea kwa adabu, mmoja nyuma ya mwenzake. Mwenyekiti wa klabu akafika na wageni wake, raketi mkononi.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mzee Swaleh akajibu kabla yangu. "Mwenyekiti, leo refa ni mbuzi. Yeye ndiye anayejua laini ilikuwa wapi."

Tulicheka mwezi mzima. Nawaambia haya ili mjue kwamba makosa ya mistari nilianza nayo mapema, na la kwanza lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuchekesha mtu.

Gakii alikuja klabuni kwa sababu ya viazi. Mama yake alikuwa mkulima wa Kibirichia, na kila wiki alileta gunia la viazi jikoni kwetu. Mtoto alikuwa na miaka minane au tisa. Wakati mama anasubiri, yeye alichukua raketi iliyokatika nyuzi mbili na kupiga mpira kwenye ukuta wa stoo. Mbele ya ukuta ule kulikuwa na nafasi ya hatua chache tu, na nyuma ya mtoto lilikuwepo dirisha la jikoni. Mpishi alimwapia kwamba siku kioo kikivunjika, atamkaanga pamoja na viazi vyake. Basi akajifunza kuupiga mpira kwa upole, uguse, urudi, ufe miguuni mwake. Makocha wa baadaye walishangaa mkono ule ulitoka wapi, mkono wa kuudondosha mpira ng'ambo tu ya wavu mpinzani akiwa bado yuko mbali. Ulitoka kwa kuogopa mpishi.

Alipofika miaka kumi na sita tulipata habari. Kambi ya vijana ya timu ya taifa, Nairobi, ilitaka msichana mmoja kutoka upande wetu wa mlima. Meru na Embu pamoja, msichana mmoja. Angepata kocha, shule na viwanja vya kweli. Na ule ulikuwa mwaka wa mwisho wa Gakii kuruhusiwa kwa umri. Mashindano yakawekwa kwetu, na fainali ikawa yeye na Wawira wa Embu.

Wawira alikuwa mrefu, mikono mirefu, na mpira wake ulikuwa wa kwenda mbali. Alipiga mipira inayotua kule nyuma kabisa, karibu na mstari, mpaka ukachoka kurudi kinyumenyume. Baba yake, Mwalimu Njeru, ndiye aliyemfundisha. Mtu wa sauti kubwa. Alikuja na kofia na kiti chake mwenyewe.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, mvua ilinyesha kama ya kisasi. Maji yalishuka kutoka barabarani, yakapita chini ya ua, yakala upande wote wa kaskazini wa uwanja. Mstari wa nyuma ukaenda, mstari wa sevu, ule ambao mpira wa kuanzisha hauruhusiwi kuupita, ukaenda, hata vigingi vya pembeni vilivyotuonyesha kona vikang'oka. Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa pale na toroli. Nikajaza udongo, nikavuta pipa, nikaomba jua, na jua likatoka. Nikasema asante Bwana, sasa mistari.

Mistari ya ubavuni ilikuwa rahisi. Niliifuata kutoka upande mzuri kwa uzi ulionyooka. Lakini mistari ya nyuma na ya sevu lazima uipime kutoka kwenye wavu. Nikaenda kuchukua tepu ya chuma. Haikuwepo. Nikakumbuka: nilikuwa nimewaazimisha mafundi wanaojenga kanisa letu, mimi mwenyewe, mzee wa kanisa, bila kumwuliza mtu. Wachezaji walikuwa wanafika baada ya saa moja. Nikachukua kamba ya katani ambayo Mzee Swaleh aliniachia, yenye mafundo mawili: fundo la mstari wa sevu na fundo la mstari wa nyuma. Ilikuwa imening'inia kwenye ua usiku kucha. Nikaivuta, nikapiga chokaa. Ilipendeza, mistari ilikuwa myeupe kama sahani.

Mtoto wa mkulima yeyote hapa anajua kinachotokea kwa kamba ya katani ikilowa. Funga ng'ombe kwa kamba hiyo, mvua inyeshe, asubuhi fundo hutalifungua kwa sababu kamba imejivuta. Mimi nilijua. Nimefunga ng'ombe tangu utoto. Lakini mbele ya uwanja wa tenisi nilikuwa mtu wa klabu, na mambo ya zizini niliyaacha nyumbani.

Seti ya kwanza Gakii alishinda sita kwa mbili. Watu wetu walipiga vigelegele. Kila Wawira alipocheza kuelekea kaskazini, mpira wake ulitoka. Hata sevu zake zilitoka. Uelekeo wa pili alikuwa sawa, lakini akigeuka tu, aut, aut, aut. Akaanza kuiangalia raketi yake kana kwamba imebadilishwa.

"Wawira!" baba yake akapaza sauti. "Hiyo ni raketi ama ni kijiko cha kugeuzia chapati?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimecheka pia. Ndipo nikaingia kufagia, kati ya seti ya kwanza na ya pili.

Udongo hautunzi siri. Kila mpira unaacha alama yake. Upande wa kaskazini, nje ya mstari wa nyuma, nikaona alama za mipira ya Wawira. Hazikuwa zimetawanyika kama za mtu aliyepoteza lengo. Zilikuwa zimejipanga, moja kando ya nyingine, chini ya futi moja kutoka kwenye chokaa, kama maharagwe yaliyopandwa kwa mstari. Mtu anayekosea hakosei kwa unadhifu namna ile.

Gambuti yangu ina urefu wa futi moja kamili, nilishaipima zamani. Kutoka mstari wa sevu hadi wa nyuma ni futi kumi na nane. Nikavuta ufagio polepole, nikihesabu kisigino kwa kidole, watu wakidhani nafagia. Kumi na saba na nusu. Na kama nusu futi imepotea hapo, nusu nyingine imepotea kati ya mstari wa sevu na wavu. Uwanja wangu ulikuwa mfupi upande mmoja kwa futi moja. Mipira ya Gakii ya kufia karibu na wavu haikuhitaji futi hiyo. Mipira ya Wawira iliihitaji yote.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo kosa langu la kweli lilipo. La kamba lilikuwa la uzembe. Hili lilikuwa la moyo. Nilitoka uwanjani, nikaegemeza ufagio, nikaketi, nikanyamaza. Niliwaza: Gakii hajafanya kosa lolote. Niliwaza: nikisema, watu watasema Mmeru alipunguza uwanja kwa ajili ya Mmeru mwenzake. Niliwaza: mama yake ameketi pale na gunia tupu magotini, amelikunja mara nane. Miezi michache kabla nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa nikakemea lumbesa, yale magunia ya viazi yanayojazwa kupita kipimo ili mkulima aibiwe. Nilikemea kwa sauti. Sasa nilikuwa na lumbesa yangu, na sauti haikutoka. Nilijaribu kuomba, na kila nilipofungua kinywa moyoni nilijua jibu, kwa hiyo nikaacha kuomba. Ndivyo nilivyokuwa na hofu, vijana wangu. Nilimkwepa Mungu kwa gemu tano.

Gakii akaongoza nne kwa moja. Gemu mbili zilibaki. Wawira alikuwa akilia bila sauti, akipangusa macho kwa mkono wa jezi na kuendelea kucheza. Walipobadilisha upande nilisikia baba yake akimwambia, safari hii kwa sauti ya chini, "Sijui nimekukosea wapi, mwanangu." Hakuwa anafoka tena. Ile sauti ya chini ndiyo iliyoniinua.

Refa alikuwa Bi. Karimi, mwalimu mstaafu wa Nkubu, mama mkali na wa haki.

"Bi. Karimi," nikasema, "simamisha mechi. Uwanja ni mfupi."

"Baba Kanana, unaumwa?"

"Siumwi. Nilipima kwa kamba iliyolowa. Upande ule umepungua futi moja."

Akanitazama sana. "Umejua saa ngapi?"

"Baada ya seti ya kwanza."

Alishuka kwenye kiti chake, na ningefurahi zaidi kama angenipiga kofi. Tukampigia simu fundi wa kanisa, tepu ikaja kwa bodaboda. Wakapima mbele ya watu wote. Futi moja, pungufu kidogo.

"Watu wa Meru!" akapiga kelele Mwalimu Njeru. "Hata ardhi mnapunguza?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono, akataka funguo za stoo papo hapo, nikampa. Bi. Karimi akaamua: mechi imefutwa, mistari ichorwe upya, wasichana waanze mwanzo saa nane. Gakii akanijia.

"Mzee, si ungengoja tu gemu mbili?"

"Ningengoja, ningekuibia."

"Kuniibia mimi? Mimi ndiye nilikuwa nashinda!"

Akageuka, akaenda zake.

Mchana huo nilitazama kupitia tundu la ua, maana ndani sikuruhusiwa. Walicheza seti tatu. Gakii angeweza kushinda, nawaambia kwa haki. Lakini kila mpira ulipotua aliangalia mstari badala ya kumwangalia mpinzani. Mkono wake wa upole ukawa mgumu kama wa mtu anayebeba mayai ya watu. Wawira alishinda seti ya mwisho saba kwa tano, na nafasi ya Nairobi ikaenda Embu. Kabla ya kuondoka, Mwalimu Njeru alikuja kunitafuta nyuma ya ua, kofia mkononi.

"Mzee," akasema, "mimi ningenyamaza." Akanipa mkono, akaenda. Sijui kama ilikuwa sifa au ungamo.

Gakii hakurudi klabuni wiki hiyo, wala iliyofuata. Mama yake aliacha kuleta viazi. Mwenyekiti alinirudishia funguo baada ya mwezi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuvuta pipa, lakini mimi sikuwa na raha. Nilikuwa nikifagia uwanja na kuusikia ukuta wa stoo umenyamaza. Siku moja nikavaa koti zito, nikapanda Kibirichia.

Nilimkuta shambani anachimba viazi, matope mpaka magotini, ukungu umeshuka. Mama yake akanisalimu, "Muga, Baba Kanana," kisha akachukua ndoo akatuacha. Gakii hakuinua uso.

"Umekuja kuniambia ni mapenzi ya Mungu?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia ni kamba yangu."

Akacheka kidogo, bila kupenda. Akachimba shina lingine, akatikisa udongo.

"Sijakukasirikia kwa kusema, Mzee. Nilikasirika siku mbili, ikaisha. Kinachonisumbua ni kingine. Mimi nimecheza kwenye uwanja wako tangu nikiwa mdogo. Vile vikombe vya kwanza, zile mechi zote. Nilishinda mimi, ama ilikuwa kamba?"

Nikasimama pale kwenye baridi nikihesabu mvua za miaka kichwani. Ni mara ngapi tepu ilikuwa imeazimwa? Ni asubuhi ngapi kamba ilikuwa imelala nje? Nilitamani kumwambia ilikuwa yeye, siku zote yeye. Baba yeyote angesema hivyo.

"Sijui," nikamwambia.

"Basi nitajuaje?"

"Njoo Jumamosi. Tutapima."

Jumamosi alikuja. Hakusalimia mtu, alishika tu ncha moja ya tepu ya chuma, mimi nikashika nyingine, tukapima upande wa kusini, upande wa kaskazini, kona kwa kona. Ndipo akacheza. Tulifanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka miwili. Wengine walimcheka, wakamwita seveya, mpima mashamba. Mwaka wa kwanza alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na kila aliposhindwa nililala na swali kama ni mimi niliyemvunja. Alisafiri mwenyewe kwenye mashindano ya wazi, Embu, Nakuru, Nairobi, bila kambi na bila kocha wa serikali, na popote alipofika alifungua begi akatoa tepu. Sitawaficha, kuna maofisa waliomfukuza uwanjani kwa ajili hiyo. Alipima nje ya saa zao.

Kamba za katani tuliziondoa klabuni. Kama mtapata kazi ya uwanja siku moja, msipimie kamba ya nyuzi za mmea, hata iwe kavu. Msiazimishe kifaa kisicho chenu, hata kwa kanisa. Na mkikosea, semeni katika gemu ya kwanza. Gemu tano zile bado naziomba msamaha.

Alipofika fainali yake ya kwanza ya ubingwa wa wanawake, ilikuwa Nairobi, na aliyesimama ng'ambo ya wavu alikuwa Wawira, aliyekuwa amekaa kambini miaka hiyo yote. Mimi sikwenda. Nilikaa nyumbani nimefunga tangu asubuhi, simu mezani, Biblia kando yake, na macho hayakuweza kusoma mstari mmoja.

"Umefunga kwa ajili ya mpira?" mke wangu akauliza.

"Kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ana mama yake. Kunywa uji."

Sikunywa. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Simu ilipolia nilishindwa kuibonyeza, mke wangu akanibonyezea. Nyuma ya sauti ya Gakii kulikuwa na makelele ya watu, sikujua ni ya kushangilia nani.

"Mzee, unanisikia? Tulipima asubuhi. Mimi na Wawira. Yeye alishika ncha ile nyingine."

"Na ilikuwaje?"

"Pande zote mbili sawa, hata kidole hakikupungua."

"Na mechi, mwanangu?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Nimeshinda, Mzee. Na ni mimi."

Nikaiweka simu chini taratibu, nikamwambia mke wangu alete uji.